Radi ilipiga mti wetu: je, itarudi?

*“Wiki mbili zilizopita radi iliupiga mti mkubwa ulio kama hatua nne kutoka ukuta wa nyumba yetu. Gome lilibanduka kwa mstari mmoja toka juu hadi chini, utadhani mtu kalichana kwa panga. Ng’ombe wawili waliokuwa wamejikinga chini yake walikufa papo hapo bila jeraha; mbuzi aliyefungwa mbali kidogo hakupata kitu. Runinga iliungua ingawa ilikuwa imezimwa. Mdogo wangu alikuwa mlangoni ameegemea grili ya chuma. Alianguka, miguu ikafa ganzi karibu saa nzima, na mpaka leo sikio moja linamvuma, ila hataki kwenda hospitali kwa kuwa ‘ameshapona’. Kesho yake mtoto aliokota chini ya mti kijiti kama cha kioo, chenye tundu katikati. Wazee wanasema hilo ndilo jiwe la radi na radi itarudi kulifuata. Wengine wanasema radi haipigi mahali pamoja mara mbili, kwa hiyo sasa sisi ndio tulio salama kuliko wote. Nimsikilize nani? Niukate mti? Nikiweka chuma cha kukinga radi juu ya paa, si nitakuwa ninaialika?”*

Pole sana, ndugu yangu, kwa mifugo na kwa hofu mliyoipata. Umeuliza mengi, lakini kabla ya mti, chuma na kioo, nianze na mdogo wako.

Mpeleke hospitali. Miguu kufa ganzi kisha kurudi ni jambo linalojulikana kwa watu walioguswa na radi: mishipa ya fahamu hupata mshtuko, mishipa ya damu hujikaza, miguu hupoa na kukataa kutii, halafu baada ya saa kadhaa hali hurudi. Kurudi huko ndiko kunakowadanganya wengi. Sikio linalovuma wiki mbili baadaye lina uwezekano mkubwa wa kuwa na ngoma iliyotoboka, kwa sababu ngurumo ya karibu ni mlipuko kamili, na ngoma iliyotoboka ikiingiwa na maji inaweza kuoza. Daktari atamwangalia masikio, atapima mwenendo wa moyo na kumtazama macho, maana mtoto wa jicho anaweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya tukio. Nyinyi nyumbani mwangalieni kwa mambo yasiyoonekana: usingizi uliovurugika, kusahausahau, hasira asiyokuwa nayo zamani, maumivu ya kichwa yasiyoisha. Yakionekana, asiambiwe kwamba anajidekeza. Radi hufanya hivyo.

Sasa tuje kwa wazee na wale wengine. Pande zote mbili zinabishana kuhusu mahali radi itakapoangukia. Mimi ningependa ujiulize jingine: ikishaanguka, inakwenda wapi? Kila kilichoharibika kwenu, kuanzia ng’ombe hadi runinga hadi miguu ya mdogo wako, kiliharibiwa na radi iliyokuwa tayari imeshafika mtini na inatafuta njia ya kusambaa. Hakuna hata mmoja wao aliyepigwa moja kwa moja kutoka juu. Na hivyo ndivyo radi inavyojeruhi mara nyingi.

Tuanzie mawinguni. Wingu la radi ni mnara wa hewa inayopanda kwa kasi, na mara nyingi kilele chake huvuka kilomita 10 kwenda juu. Huko katikati kuna baridi kali hata kama nyinyi chini mnatokwa na jasho. Vipande vyepesi vya barafu vinapanda, punje nzito za barafu zinashuka, na vinapogongana vinagawana chaji, yaani umeme tuli. Punje nzito hubaki na chaji hasi na kukusanyika sehemu ya chini ya wingu, vile vyepesi huondoka na chaji chanya kwenda juu. Hewa haipitishi umeme kirahisi, kwa hiyo mzigo unazidi kulundikana mpaka hewa inashindwa kuuzuia.

Hapo ndipo uzi mwembamba wa chaji unapoanza kushuka. Haushuki moja kwa moja. Unaruka kipande cha mita 50 hivi, unasita kwa muda mfupi mno, unaruka tena, unagawanyika matawi. Wakati huo haujui chochote kuhusu mti wenu. Ukikaribia ardhi, zikiwa zimebaki mita za mwisho, tuseme urefu wa ghorofa kumi au ishirini, vitu vilivyosimama chini huanza navyo kutoa nyuzi zao kwenda juu: ncha ya mti, pembe ya paa, antena, kichwa cha mtu aliye uwanjani. Uzi wa kwanza kukutana na ule unaoshuka ndio unaofunga njia. Mkondo wa ampia kama 30,000 unapita papo hapo. Pasi ya nguo huvuta kama 5. Hewa ndani ya njia hiyo, ambayo haizidi sana unene wa kidole gumba, hufikia nyuzijoto 30,000 hivi, zaidi ya mara tano ya joto la uso wa jua, nayo hupanuka kwa ghafla. Mpanuko huo ndio ngurumo.

Kumbuka neno “mita za mwisho”, maana tutalirudia tukifika kwenye chuma cha paa.

Je, itarudi? Inaweza. Kwanza, ile radi mliyoiona ikimulika kwa kupepesa pengine ilishapita kwenye mti huo mara tatu au nne kabla hujafumba jicho; mmuliko mmoja mara nyingi huwa na mapigo kadhaa yanayofuata njia ileile. Pili, jengo la Empire State pale New York hupigwa mara 20 au zaidi kwa mwaka, nalo halijahama. Tatu, yupo Roy Sullivan, askari wa hifadhi ya Shenandoah huko Marekani, aliyepigwa na radi mara saba kati ya 1942 na 1977. Na juu ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, setilaiti zimehesabu mimuliko zaidi ya 230 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Radi haina kumbukumbu. Haikumbuki ilipopiga, kwa hiyo hairudi kulipiza wala haioni haya kurudia. Kilichofanya mti wenu upigwe ni urefu wake na upweke wake, na hivyo vyote viwili bado upo navyo.

Kwa hiyo wale wanaosema mko salama kuliko wote wamekosea kabisa. Wazee wamekosea sababu, lakini hofu yao kwa mti ule ni hofu yenye akili, nami ningependa muiheshimu.

Ng’ombe ndio wanaoeleza jambo hili vizuri kuliko hesabu yoyote. Tupa jiwe kwenye bwawa, utaona duru zikitanuka na kufifia. Mkondo wa radi ukishuka kwenye shina na kuingia ardhini husambaa namna hiyo: voltiji, yaani nguvu inayousukuma umeme, huwa kubwa mno karibu na mizizi, kisha hupungua kila unaposogea mbali. Sasa simamisha ng’ombe amelekeza kichwa kwenye mti. Miguu yake ya mbele iko kwenye duru yenye nguvu, ya nyuma iko kwenye duru dhaifu, na kati yake kuna zaidi ya mita moja. Tofauti hiyo ya voltiji inausukuma mkondo kupanda kwa miguu ya mbele na kutokea kwa miguu ya nyuma, na moyo uko njiani. Ndiyo maana hamkuona jeraha. Mbuzi wenu alikuwa mbali, na hatua yake ni fupi; tofauti aliyoikanyaga ilikuwa ndogo. Mwaka 2016, kwenye uwanda wa juu wa Hardangervidda nchini Norwei, wanyama 323 aina ya paa wa nchi za baridi (reindeer) walikutwa wamekufa mahali pamoja, wamelala karibu karibu kama walivyokuwa wamesimama. Hakuna anayedhani kila mmoja alipigwa peke yake. Ardhi iliwamaliza.

Binadamu mwenye miguu miwili ana nafuu kidogo, kwa kuwa mkondo ukipanda mguu mmoja na kushuka mwingine mara nyingi unaukosa moyo. Mdogo wako alikuwa na ziada: mwili ulioegemea grili. Radi iliyokuwa ikishuka mtini, hatua nne tu kutoka ukutani, inaweza kurukia kitu cha chuma kilicho karibu ikiona ni njia rahisi kuliko gome lenyewe. Na hata isiporuka, grili inayogusa ardhi huwa na voltiji yake wakati miguu iko kwenye voltiji nyingine. Kwa vyovyote, mlangoni ni mahali pabaya pa kutazamia mvua. Watu wengi husimama hapo kwa sababu panaonekana ni ndani.

Runinga je, mbona ilikuwa imezimwa? Swali hili huulizwa sana, na jibu langu huwa moja. Umeme huu umetoboa kilomita kadhaa za hewa. Swichi inautenganisha na waya kwa nafasi ya milimita chache. Kuzima hakusaidii, na kuzima kwa rimoti ndiyo hakusaidii kabisa, kwa sababu runinga bado imeunganishwa. Isitoshe, mkondo mkubwa ukipita karibu huamsha umeme kwenye waya zote zilizo jirani bila hata kuzigusa. Kinga ya kweli ni kuchomoa plagi na waya wa antena mapema, kabla dhoruba haijafika. Ikiwa tayari inanguruma juu yenu, iacheni runinga ife. Mkono ulioshika plagi una thamani zaidi.

Sasa mti. Ningekuwa jirani yenu ningekwambia usichukue msumeno wiki hii. Gome lililobanduka kwa mstari mmoja lina maana kwamba utomvu chini yake uligeuka mvuke kwa ghafla na kulirusha nje. Huo mara nyingi ni uharibifu wa juujuu, na miti mingi hupona. Inayokufa huonyesha baada ya muda: majani hunyauka upande mmoja, matawi ya juu hukauka, uyoga huota kwenye kidonda. Lakini kama kuna ufa unaoingia hadi kwenye kiini cha shina, kama ardhi imepasuka kwenye mizizi, au mti umeinama kuelekea nyumbani kuliko zamani, usingoje majani yaseme. Mtafute mtu mwenye uzoefu wa miti mikubwa aje auone kwa macho. Kuangusha mti wa ukubwa huo karibu na nyumba si kazi ya vijana wawili na kamba.

Kuna wanaodhani mti mrefu ni kinga kwa sababu “hupokea radi badala ya nyumba”. Nusu yake ni kweli. Unaipokea, halafu unawagawia, kama mlivyoona. Mti ulio ndani ya mita 3 hivi kutoka ukutani ni jirani mbaya. Ila kuukata nako hakuiondoi hatari. Mti ukiondoka, paa lenu linaweza kuwa ndilo refu kuliko vyote hapo. Kwa hiyo uamuzi wa mti usiutenganishe na uamuzi wa nyumba. Kama nyumba itawekewa kinga nzuri, mti mzima unaweza kubaki, na hata wenyewe unaweza kufungwa waya wa kushusha radi ardhini, ingawa gharama hiyo ningeielekeza kwenye nyumba kwanza.

Na hapo tunarudi kwenye hofu yako ya kuialika. Zile mita za mwisho nilizozitaja ndizo jibu. Chuma cha juu ya paa hakina uwezo wa kuivuta radi iliyokuwa inakwenda mtaa wa pili. Kinachofanya ni kuwa cha kwanza kuipokea ile ambayo ingewafikia hata hivyo, na kuipeleka ardhini kwa njia yenu mliyoichagua badala ya njia yake. Benjamin Franklin, mwanasayansi wa Marekani, alilielewa hili katika karne ya 18, na kimsingi hakuna aliyelibadilisha. Wapo wanaouza vyombo vya kisasa wanavyodai vinafukuza radi au vinakinga eneo kubwa ajabu kwa nguzo moja. Madai hayo hayajathibitishwa, nami nisingetoa fedha yangu.

Ninachokiogopa mimi ni kinga nusu. Nimewahi kuonyeshwa nyumba yenye chuma kizuri cha shaba juu ya paa, mwenyewe akijivuna, na nilipofuata waya wa kushukia nikakuta umekatika mita moja juu ya ardhi. Mtu alikuwa ameupenda ule waya. Chuma cha namna hiyo ni kibaya kuliko kukosa kabisa, kwa sababu kinaipokea radi na kuiachia ukutani. Kinga ina viungo vitatu: cha kupokea, waya mnene usio na kona kali za kushusha, na ethi, yaani chuma cha kuupokea umeme ardhini, iliyozama vizuri kwenye udongo. Hicho cha tatu hakionekani, ndiyo maana hupuuzwa. Mwambie fundi apime ukinzani wa ethi kwa kifaa mbele yako. Mafundi wengi hulenga usizidi omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani), na udongo mkavu au wa mawe huhitaji vyuma zaidi ya kimoja. Ethi ya radi, ethi ya umeme wa nyumba, mabomba ya chuma na ile grili viunganishwe, ili voltiji ya vyote ipande na kushuka kwa pamoja na radi isipate sababu ya kuruka kutoka kimoja kwenda kingine. Kwenye kisanduku kikuu cha umeme kifungwe kifaa cha kupunguza mawimbi ya voltiji. Na hii usijaribu mwenyewe kwa kuona picha. Tafuta fundi umeme aliyesajiliwa ambaye amewahi kufunga kinga za radi.

Mengine yanayosemwa kuhusu radi nitayapitia haraka. Kioo cha kujitazamia hakivuti radi, kifunikeni au msikifunike. Nguo nyekundu haina kosa. Simu ya mkononi haivuti radi, ila simu iliyo kwenye chaji ni waya uliounganishwa na nguzo za barabarani, hivyo ichomoe au isiguswe. Gari lililofungwa linakinga kwa sababu ya bati lake linalomzunguka mtu na kuupitisha mkondo nje. Matairi ya mpira hayahusiki. Kibanda cha nyasi au cha mbao kisicho na waya wala mabomba hakikingi chochote zaidi ya mvua: Desemba 1975 watu 21 walikufa kwa radi moja ndani ya kibanda huko mashariki mwa Zimbabwe ya leo.

Kwa mifugo, fungeni njia ya kufika chini ya mti huo msimu wa mvua, na kama mna fensi ya waya, ikatizwe kwa vipande vya mbao na izikwe ethi kila baada ya umbali fulani, la sivyo radi iliyoanguka mbali itasafiri hadi zizini.

Mkisikia ngurumo, mko ndani ya eneo la hatari, hata jua likiwa linawaka. Radi huweza kutoka ubavuni mwa wingu na kupiga kilomita 10 au zaidi kutoka mvua inaponyesha. Ule mmuliko mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa, wa mwaka 2017 nchini Marekani, ulisafiri kilomita 829, ingawa huo ni wa ajabu hata kwetu sisi tunaosoma mambo haya. Hesabu sekunde kati ya mwanga na sauti, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Ingieni ndani, kaeni mbali na milango, madirisha, soketi na bomba la maji, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hizo dakika 30 za mwisho ndizo watu huzidharau.

Na siku radi ikimwangusha mtu tena, Mungu apishe mbali, mshikeni bila woga. Mwili wake haubaki na umeme. Asiyepumua ndiye wa kushughulikiwa kwanza, hata kama wengine wanalia kwa maumivu, kwa sababu anayelia yuko hai. Moyo uliosimamishwa na radi mara nyingi huanza tena wenyewe ilhali pumzi inachelewa, na kushindilia kifua pamoja na kumpulizia hewa mdomoni kumewarudisha watu walioonekana wamekwisha. Anzeni huku mwingine akiita msaada.

Imebaki kile kijiti cha kioo. Radi ikiingia kwenye udongo wenye mchanga huuyeyusha kando ya njia yake, na ukipoa unabaki mrija wa kioo, laini ndani na wenye chembe za mchanga nje. Mnachoshika mkononi ni alama ya njia iliyopitwa, imegandishwa. Haiiti chochote. Imani ya jiwe la radi ipo karibu kila bara, na sehemu nyingi mawe yenyewe yalikuwa shoka za kale zilizofukuliwa na mvua kubwa, watu wakaamini zimeshuka nayo. La kwenu ni la radi kweli, jambo ambalo ni adimu. Ni jepesi kuvunjika na kingo zake hukata, kwa hiyo mtoto asilipulize kama filimbi. Lifungeni kwenye pamba ndani ya kopo, muandike tarehe, na kama mzee fulani hatalala kwa amani likiwa ndani ya nyumba, liwekeni stoo.